Nilivyopeleka suti ya harusi Ugiriki, nikamkuta mteja kwenye ufukwe wa watu wasiovaa kitu

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine nasubiri mniamkie mimi, maana nina miaka sitini na mbili na humu ndani wengi ni wajukuu zangu.

Ninachowaletea kimenikuta mimi mwenyewe. Hakuna cha rafiki yangu wala jirani yangu. Naapa kwa sindano iliyonilea. Atakayesema chai, aje dukani kwangu Kensington, hapa Johannesburg, nimwonyeshe muhuri kwenye pasi ya kusafiria na kamba mbili zinazoning'inia ukutani. Hizo kamba mtazijua mbele.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Shule niliishia darasa la nne, Ujiji. Herufi zikikosea mkae nazo. Wenye digrii ndio wanaokuja kwangu niwashonee suti za kupokelea hizo digrii.

Mimi ni fundi suti. Siyo fundi wa kukata pindo la jinzi, hapana. Nilianza kwa kufagia vipande chini ya cherehani cha mjomba, leo nina duka, vyerehani vitano, na nyumba ya vigae nyumbani. Hakuna aliyenishika mkono, isipokuwa mtu mmoja, na ndiye wa kisa hiki.

Sasa jambo moja lazima mlielewe, bila hilo hamtaelewa ujinga wangu.

Mimi vipimo siandiki. Namba na mimi hatukuwahi kupatana. Kila mteja ana kamba yake. Napiga fundo la shingo, fundo la bega, fundo la mkono, kifua, kiuno, hadi mguu. Mwishoni nafunga kipande cha kitambaa cha suti yake ya kwanza ili nijue kamba ni ya nani. Ukuta mzima wa duka umejaa kamba. Mgeni akiingia anadhani nimekuwa mganga.

Na nilikuwa na msemo wangu: mtu anapimwa na mimi mara moja tu maishani mwake. Ukishaingia kwenye kamba, umeingia.

Kumbukeni msemo huo. Ndio ulionivua nguo.

Huyo mtu mmoja alikuwa Mgiriki, namwita Kosta. Alizaliwa kisiwani kwao, akaja Joburg kijana, akafungua duka la kona la mikate, maziwa, chipsi na samaki wa kukaanga. Mwili wake wakuu, friji la milango miwili. Kamba yake ilikuwa ndefu kuliko zote ukutani.

Mwaka 2008, zile vurugu za kufukuza wageni, mimi nilikuwa na vyerehani vyangu kwenye kontena huko kitongojini. Sitaeleza mengi, walioishi hapa wanajua. Kulipokucha nilikuwa Kensington, miguu peku, nimevaa kaptura ya kulalia, kamba zangu zote shingoni kama tasbihi. Vingine vyote vilikuwa majivu.

Kosta alikuwa anapokea mikate. Alinitazama mara moja, akavua koti lake, akanivika. Hakuniuliza kitu. Koti likanifika magotini. Halafu akaanza kuhamisha magunia ya viazi kwenye stoo ya nyuma.

Ile stoo ndiyo duka langu mpaka leo.

Miaka miwili baadaye akauza biashara, akarudi kisiwani kwao kuzeeka. Jina la kisiwa silitaji, tena hata nikitaka siwezi kulitamka.

(Samahani, kaja mteja wa zipu. Naendelea.)

Mwaka 2012 akanipigia simu. Binti yake Eleni anaolewa. Eleni amezaliwa hapa hapa, amekulia nyuma ya kaunta ya baba yake, kila asubuhi ananiamkia kwa Kizulu, "Sawubona baba". Kosta akasema anataka suti ya bluu, na niilete mwenyewe, tiketi juu yake, niwe mgeni wake.

Tulikuwa tukiongea Kiingereza chetu cha kuokoteza, yeye na cha kwao, mimi na cha kwetu. Neno moja tu la Kiswahili alikuwa nalo, fundi.

Mwisho wa simu akasema, "Fundi, ishone ndogo kidogo kuliko zile za zamani."

Nikacheka. Nikamwambia kamba yako ninayo, wewe andaa nyama. Akarudia, ndogo kidogo. Nikamwambia wazee wote wakifika umri fulani wanajiona wamepungua, kumbe ni macho yamechoka.

Pale dukani nina fundi mwenzangu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Alisikia yote. Akaniambia, "Papa, mutu anakuambia ye mwenyewe, unamukatalia namna gani? Umupime kwanza."

Nikamjibu nilianza kushona kabla mama yake hajamnyonyesha. Akakunja mdomo, akarudi kwenye kazi yake.

Suti nikaishona kwa kamba. Wakuu, nisijisifu, lakini ilikuwa suti. Ukiitundika inasimama yenyewe kama inasubiri gari.

Habari za visa nawaachia, zingetaka uzi wake. Nilipanda ndege nimeikumbatia. Mhudumu akataka kuiweka juu na mabegi, nikamwambia labda uniweke mimi juu, yeye akae hapa.

Nikafika kisiwani Alhamisi kabla ya adhuhuri. Harusi Jumamosi jioni. Mimi mwenyewe nimevaa suti yangu ya kijivu, kizibao, tai, viatu vya kung'aa. Fundi ndiye tangazo la fundi, hata jua la Ugiriki likiwa linachoma kama pasi.

Nyumbani Kosta hayupo. Eleni akanikumbatia akalia kidogo. Akasema baba kila siku huenda ufukwe wa upande wa pili, hataki mtu wa nyumbani amfuate. Nikasema mimi si wa nyumbani, mimi ni fundi, lazima aijaribu leo. Binamu yake mmoja akanipakia kwenye pikipiki mpaka juu ya kilima, akanionyesha njia ya mbuzi inayoshuka. Njia nzima alikuwa anatabasamu. Nikadhani ni furaha ya harusi.

Kulikuwa na kibao. Maandishi yao yale, na chini Kiingereza. Sikujisumbua. Vibao vya baharini vyote vinasema usizame.

Hatua kama mia hivi, nikakutana na mzungu mtu mzima anapanda kilima.

Uchi. Hana hata soksi.

Sasa mtu wa Joburg akiona mtu mzima uchi njiani, akili inakwenda sehemu moja tu. Kaporwa. Nikajiona mimi mwenyewe ile asubuhi na kamba zangu. Nikatundika suti ya Kosta kwenye kichaka, nikavua koti langu la kijivu, nikamwendea.

Nikamwambia, "Pole sana baba. Wamekimbilia wapi?"

Akasema, "Nani?"

"Waliokuvua."

Alinitazama, akatazama koti, akaniambia asante, wewe ni mtu mwema sana, akapita. Mgongoni ana begi. Mkononi ana saa. Baadaye ndiyo nikajiuliza ni mwizi gani wa kuchukua chupi akaacha saa.

Nikazunguka jabali. Chini ufukwe wote ukafunguka.

Wanaume, wanawake, wazee, vijana. Wamelala, wamesimama, mmoja anamenya tikiti maji. Wote kama walivyozaliwa.

Mimi ni Muislamu wa Ujiji, nina wajukuu. Nikafumba macho.

Ushauri wa bure: njia ya mbuzi haishukwi macho yamefumbwa. Nilikwenda chini kwa makalio, mkono mmoja juu umeshika suti ya Kosta, maana niliapa mimi nichubuke yeye asikunjike. Nikaishia miguuni pa bibi mmoja wa Kijerumani, umri wa mama yangu.

Yuko uchi kama yai. Anafuma sweta.

Nilikaa pale mchangani nikimtazama usoni tu, usoni tu, sijawahi kuukariri uso wa mtu vile. Akaniuliza kama nimeumia. Kabla sijajibu akaja mzee mwingine mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, mgeni mzoefu wa pale, akaniambia kwa ustaarabu kwamba hapa wanaokuja na nguo huwa wamekuja kuchungulia. Ama nivue ama nirudi.

Nikamwambia sijaja kuchungulia, nimeleta suti.

Wakuu, nilivyoitamka ile sentensi mahali pale ndipo nikajisikia.

Nikasema namtafuta Kosta. Bibi akaonyesha baharini kwa sindano yake ya kufumia, anaogelea, subiri. Mzee wa ndevu bado kasimama. Nikapiga hesabu: kupanda kile kilima na jua lile, au kuvua. Nikavua koti, kizibao, tai, shati, suruali, nikakunja kimoja kimoja kama niko dukani. Nikabaki na chupi.

Hapo kuna jambo sikuwa nimelifikiria. Fundi hushonea watu, mwenyewe huvaa mabaki. Chupi zangu zote nilijishonea kwa masalio ya mapazia ya mteja mmoja wa Randburg. Kitambaa kizito, kina maua ya alizeti makubwa kama sahani. Moja limekaa mbele, jingine nyuma.

Ufukwe mzima ukacheka. Mtu mzima nimechekwa na watu wasio na hata kitambaa cha kufutia kamasi.

Ndipo nikasikia sauti, "Fundi."

Nikageuka. Sikumjua. Niliijua sauti, mwenye sauti sikumjua.

Kosta niliyemwacha alikuwa friji. Aliyetoka majini alikuwa henga, ile ya kutundikia nguo. Mifupa ya shingo imetokeza, mbavu unaweza kuzihesabu, tumbo limeingia ndani. Nikaitazama suti mkononi mwangu. Wangeingia Kosta watatu na nafasi ikabaki.

Akaiona naye. Akasema, "Nilikuambia ndogo kidogo."

Nikaitundika suti kwenye jabali la karibu.

Tukakaa kwenye kivuli cha jabali akanieleza. Ugonjwa uko tumboni, daktari ameshamwambia ni miezi. Nyumbani anavaa masweta mawili chini ya koti kubwa, anasema ana mafua ya kizee. Eleni hajui. Akijua atavunja harusi, atakaa kitandani kwake kumlisha uji, anamjua mwanawe.

"Jumamosi nimshike mkono nimwingize kanisani," akasema. "Acheze. Jumapili nitamwambia mwenyewe."

Nikamuuliza sasa mbona unakuja huku kujianika mbele za watu. Akasema hakuna mtu wa kijiji anayekanyaga pale, wanaona aibu. Na hawa wageni hawakumjua alivyokuwa, kwa hiyo hakuna anayemhurumia. Ni mahali pekee anapoweza kuvua masweta akaota jua.

Kisha akaishika ile suti mkono, akasema, "Nifanye yule wa kwenye kamba. Siku moja tu."

Wakuu, mimi nilipaswa kuambiwa hivyo nikiwa Joburg, kwenye vyerehani vyangu vitano. Na niliambiwa. Nilicheka.

Nikamwomba yule bibi kipande cha uzi wake wa sufu, mwekundu. Nikamsimamisha Kosta, nikaanza kupiga mafundo. Shingo, bega, mkono. Miaka thelathini nimepima watu juu ya mashati, hiyo ilikuwa mara ya kwanza napima mtu mwenyewe. Hakuna pa kujificha, yeye wala mimi.

Nyumbani isingewezekana kushona, wangeona. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi tulirudi pale pale na sindano, mkasi na chaki, nikafanya kazi chini ya jabali mpaka jua likageuka.

Wasioshona hawatajua, lakini suti haipunguzwi kwa kubana mbavuni tu. Ukibana mbavu mabega yanabaki yanaelea. Nikafumua mikono, nikafumua kola, nikafumua mabega yote. Ile suti iliyokuwa inasimama yenyewe ikawa vipande kwenye taulo la Mjerumani.

Kila nikipiga bandi, mishono ya muda ya kujaribia, namwita Kosta ajaribu. Anavaa koti, chini hana kitu. Watu wakakusanyika. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akiwa hana nguo mwilini ana maoni mengi sana kuhusu nguo. Mmoja anasema kola iko juu. Mwingine anasema mkono wa kushoto mrefu. Bibi kashika pini mdomoni ananipa moja moja kama nesi. Mzee wa ndevu, yule yule wa ama uvue ama urudi, anauliza kama natengeneza na kaptura.

Nikamaliza kubana. Ikamkaa sawa. Na hapo ndipo tatizo likatokea.

Ilimkaa sawa mno. Henga ndani ya suti iliyomkaa sawa anaonekana henga. Eleni angemtazama mara moja tu.

Alihitaji mwili. Alihitaji mabega mazito, kanvasi mbili kifuani, kile kitambaa kigumu cha ndani, kitu cha kumjaza. Kisiwani duka la vifaa vya ushonaji hakuna, na harusi ni kesho.

Nikatazama nguo zangu pale nilipozikunja. Koti langu la kijivu. Nililishona kwa miezi miwili, mabega yake watu wananisimamisha kwenye robot, taa za barabarani, kuniuliza fundi nani.

Nikachukua mkasi.

Nilitoa pedi za mabega zote mbili. Nikatoa kanvasi ya kifua. Nikaingiza vyote ndani ya koti la Kosta, juu ya vyake, nikashona kwa mkono mishono midogo kama chawa. Nikamshonea mwili humo ndani. Alipovaa, wale watu uchi wakapiga makofi, na bibi akageuka kutazama bahari.

Jumamosi Kosta aliingia kanisani kamshika binti yake mkono. Nilisikia wanakijiji wakisema maneno, nikamuuliza binamu wa pikipiki wanasema nini. Akasema wanasema mzee amepona mafua, mabega yamerudi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango na koti lisilo na mifupa. Mabega yamemwagika mpaka kwenye viwiko, kifua kama gunia lililonyeshewa. Suruali imepasuka nyuma kwenye ule mteremko wa mbuzi, nimeitia kiraka. Watu walikuwa wanaulizana ndiyo huyu fundi aliyeletwa kutoka Afrika? Mama mkwe wa Eleni alinishika bega, kidole kikazama, akamnong'oneza mwenzake wakacheka.

Eleni mwenyewe akaja na shela lake, ananionea huruma. "Baba, koti lako limekuwaje?"

Mimi, wakuu. Mimi ninayerudisha suti ya mteja kwa sababu ya kifungo kimoja.

Nikamwambia, "Safari, mwanangu. Ndege zinakunja vitu."

Baadaye Kosta akacheza. Siyo sana, nyimbo mbili. Alipokuja kukaa karibu yangu alikuwa anahema, akaweka mkono begani kwangu pale ambapo pedi ingekuwepo. Akasema, "Fundi, bega lako ninalo mimi."

Nikamwambia kaa nalo. Koti lako la 2008 nilikaa nalo.

Jumapili alimwambia binti yake. Sikuwepo chumbani, niliona tu mlango ukifungwa. Jumatatu nikapanda meli.

Kabla mwaka haujaisha Eleni alinipigia. Alisema walimzika na ile suti. Alipokuwa anamvalisha alihisi mabega mazito, akapapasa, akaona kitambaa cha kijivu kimechungulia kwenye mshono. Akaniambia sasa najua ndege ilikunja nini.

Basi wakuu, somo nililolipata ni hili, na nililipata nikiwa nimevaa alizeti. Mtu akikuambia mwenyewe amepungua, usimwonyeshe kamba. Mpime.

Siku hizi napima kila anayeingia mlangoni. Mama Furaha amenichoka. Juzi ananiambia, "Papa, huyu ameleta zipu tu, unamupimia nini?"

Kamba mbili za Kosta ziko ukutani, ya pamba na ile nyekundu ya sufu. Lile koti la kijivu sijaliwekea pedi mpya. Nalivaa Jumamosi nikikaa mlangoni, na wateja wageni huniuliza kwa upole kama niliwahi kulipeleka kwa fundi mzuri.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna mtu alishawahi kukuambia kitu ukacheka, kumbe alikuwa anakuambia kweli? Semeni, nasoma kati ya mteja na mteja.

Na nyie mtakaouliza kama ile ya alizeti niliivua: hapana.